Koo la Nakapel

Alice hakupenda namna ng'ombe alivyolia asubuhi ile. Ng'ombe mwenye njaa ana mlio wake, anayemtafuta ndama ana wake, na mwanamke aliyekamua miaka kumi na minne hahitaji kuelezwa tofauti. Huu wa Nakapel ulikuwa mzito, wa kukwaruza, na haukukoma. Ulianza kabla ya chai, ukaendelea mpaka wateja wakafika langoni na vibuyu vyao, na kila mmoja akauliza, "Kwani mnamfanya nini huyo?"

Swali hilo lilimchoma mume wake, Aule. Pale Kambi ya Juu, maziwa ya kwa Aule yalijulikana kwa maneno matatu aliyoyaandika mwenyewe ukutani kwa rangi: hatupigi mnyama, hatuchanganyi maji, kikombe cha kwanza ni cha jirani. Wengine huandika tu halafu huendelea na fimbo zao. Aule hakuwa na fimbo. Samadi ilimpa gesi ya kupikia chai, mabua aliyaleta kutoka mashamba ya Rapsu ili asimalize malisho ya wenzake, na watoto wa jirani walikunywa kikombe chao cha maziwa ya kuchemshwa, iwe mvua ama kiangazi. Hata yule mbwa mgeni aliyeingia zizini mwezi wa nne, taya limelegea, miguu ikipepesuka, Aule alikataa asipigwe mawe.

"Mwacheni, ana kiu tu," alisema, akamwekea maji.

Mbwa hakuyanywa. Alijipenyeza katikati ya ng'ombe, kukawa na kishindo, kisha akatokea upande wa pili akaenda zake.

Sasa ilikuwa mwezi wa sita, na Nakapel alisimama shingo imenyooka, mate yakining'inia mpaka chini, akijaribu kumeza na kushindwa.

"Amekabwa," Aule alisema.

"Na kama hajakabwa?" Alice alimuuliza mumewe. "Baba Nakuam, tumpigie daktari wa kaunti."

"Daktari aje kuangalia karatasi ya plastiki? Mimi nimetoa vitu kwenye makoo ya ng'ombe tangu sijaota ndevu."

Ni kweli, alikuwa ametoa. Magunzi, kamba, mara moja soksi nzima. Mtoto wa wafugaji hufundishwa kazi hiyo mapema: mmoja anavuta ulimi kando, mwenzake anaingiza mkono. Basi Alice akaushika ulimi kwa mikono miwili, vidole vyake vikiwa na nyufa za kukamua, ulimi ukiteleza, mate yakimtiririka mpaka viwikoni. Aule akauzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akimbembeleza Nakapel kwa Kiturkana kama mtu anayemlaza mwanawe. Alipapasa huku na huku. Meno ya nyuma yakamkwaruza vifundo, akautoa mkono na damu kidogo.

"Hakuna kitu. Kimeshateremka," alisema, akajimwagia maji ya hori, akacheka.

Alice hakucheka. Kesho yake Nakapel alishambulia ukuta wa zizi kwa pembe, yeye ambaye watoto walikuwa wakimpanda mgongoni. Sauti ikamkauka. Miguu ya nyuma ikakataa, na siku ya nne akafa, macho wazi.

Aule aliumia sana. Alitaka kujua kilichomuua, hivyo akamfungua tumbo mbele ya majirani, na humo ndani akakuta furushi la plastiki kubwa kama kichwa cha mtu. Akaliinua juu.

"Si niliwaambia!"

Watu wakapumua. Nisiseme uongo, Alice naye alipumua. Lakini jamani, hebu mtu aniambie: ni ng'ombe gani anayezungukazunguka mji wa Isiolo asiye na plastiki tumboni? Serikali ilipiga marufuku, ila matumbo ya ng'ombe wetu hayajapata barua. Kama furushi lile lingekuwa ndilo muuaji, mji mzima ungekuwa unakunywa chai ya rangi. Ila mtu akishapata jibu alilolitaka, nani atamwambia atafute lingine? Walimzika Nakapel, nyama haikuliwa, na daktari hakuitwa.

Wiki saba zikapita. Vifundo vya Aule vilikuwa vimepona zamani, hata kovu halikuonekana vizuri, lakini akaanza kuvikuna. Alivikuna akikamua, akavikuna kanisani, mpaka ngozi ikachubuka. "Ni siafu," alisema. Kisha akamfokea mtamba aliyemkanyaga, akamwinulia ndoo, na wote waliokuwepo wakatazamana. Asubuhi iliyofuata aliisukuma chai.

"Koo linauma. Hizi ni homa za vumbi."

Alice alimtazama akijaribu kumeza mate. Aliwahi kuuona mnyoosho ule wa shingo, na moyo ukamwambia ni wapi, naye akaukataza. Sikio la kufa halisikii dawa. Alibeba mtungi wa maziwa akaupeleka dukani kwa Njambi, kama kila siku.

Nje ya duka palikuwa na pikapu ya kaunti. Daktari wa mifugo, Wanja, alikuwa akichanja mbwa, na huku akiwaeleza watu kwa nini.

"Kichaa cha mbwa si cha mbwa pekee," alikuwa akisema. "Ng'ombe akiumwa na mbwa mwenye kichaa, hata miezi miwili inaweza kupita. Halafu analia mpaka sauti inakauka. Anatoa mate, hamezi. Na nyinyi wafugaji mnadhani amekabwa, mnaingiza mkono..."

Alice aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

"Alice! Ni nini?" Njambi alitoka mbio.

"Baba Nakuam," alisema. "Leo amekataa chai."

Wanja hakuuliza mara mbili. Ndani ya pikapu Alice alimsimulia jinsi Aule alivyokwaruzwa na meno ya Nakapel. Walifika nyumbani, na daktari akasimama mlangoni akimwangalia Aule aliyeketi kitandani, kikombe cha maji mbele yake. Aule alikiinua kuonyesha kwamba ni mzima. Kabla hakijafika mdomoni shingo ikamkakamaa, na kikombe kikaruka. Wanja akamvuta Alice nje.

"Hakuna sindano?" Alice aliuliza.

"Ilikuwepo. Siku ile alipokwaruzwa, hata wiki ile. Ugonjwa ukishafika hapa, hakuna wa kumponya." Alilisema bila kuzunguka, na Alice akamchukia kwa hilo. Kisha Wanja akaangalia zizi, akafikiri. "Ng'ombe mkubwa hafunguliwi mdomo na mtu mmoja. Nani alishika ulimi?"

Alice aliitazama mikono yake.

"Mimi."

"Vidole vilikuwa na nyufa?"

"Daktari, mkamuaji gani hana nyufa?"

Wanja akafungua mlango wa gari. "Mnapanda wote wawili. Yeye anaenda kutulizwa maumivu. Wewe unadungwa leo, si kesho, na tumwombe Mungu tusiwe tumechelewa. Ni nani mwingine aliyegusa mate ya ng'ombe yule?"

"Hakuna mwingine. Lakini ng'ombe wanakamuliwa saa tisa, watoto wa..."

"Mama Nakuam, panda."

Alikuwa ni Aule, amesimama kizingitini, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote. Sauti ilikuwa imekwaruzika. Alice alimkimbilia amshike, maana miguu yake haikuwa imara, lakini Aule akarudi nyuma hatua mbili na kujiziba mdomo kwa shati.

"Usiniguse," alisema. Tangu waoane hakuwahi kumwambia hivyo. "Nimekuponza. Nilijifanya najua, nikakuponza. Usiniguse, panda."

Alijikokota mwenyewe mpaka kwenye pikapu, akapanda nyuma, akajikunyata kwenye kona ya mbali. Alice akaketi mbele kando ya daktari, vidole vimetandazwa magotini. Vilikuwa vinamwasha, na njia nzima hakujua kama vinamwasha kweli ama ni woga tu.