Mwanafunzi wa Kujitolea

Profesa alikuwa amefundishwa kusoma mara saba, na mara zote saba alifaulu.

Wa kwanza kumfundisha alikuwa kaka mmoja mwenye gitaa, wa pili walikuwa mke na mume waliokuwa kwenye fungate, na waliofuata walikuja wakaondoka hadi nyuso zao zikamchanganya. Wote walitoka nchi za nje kuja kujitolea katika kituo cha watoto wasio na wazazi. Wote walimkuta hajui a wala be, na wote waliondoka wakifuta machozi baada ya kumsikia akisoma, kwa taabu kubwa, kwamba paka ana mkia.

Ukweli ni kwamba alijua kusoma tangu ana miaka mitano. Marehemu bibi yake alimfundisha kwa magazeti ya kufungia sabuni, na siku alipoletwa kituoni alikuwa tayari anasoma chochote kilichoandikwa, hadi maelezo ya sumu ya panya. Ndiyo maana watoto wenzake walimwita Profesa. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu lakini umbo lake lilikuwa la msichana wa miaka tisa, tena mwenye macho makubwa, na macho hayo ndiyo yaliyomponza. Mama Mlezi, mwanamke aliyekiendesha kituo kile tangu kilipofunguliwa, aliyatazama mara moja tu akajua yana kazi.

Msimlaumu haraka Mama Mlezi. Zamani hizo aliwahi kumpokea mgeni aliyekuta watoto wote wanasoma, wanaandika na kuzidisha bila kutumia vidole. Mgeni yule alizunguka kituoni siku nne akakosa pa kushika. Siku ya tano aliomba radhi kwa upole akahamia kituo kingine, ambako watoto walikuwa na hali mbaya ya kuridhisha. Madawati aliyoahidi yalimfuata huko huko. Mama Mlezi alibaki mlangoni mikono kiunoni, na kuanzia siku ile akawa mtu mwingine.

"Mgeni amekuja kufundisha," aliwaambia watoto. "Sasa nyote mkijua, yeye atafundisha nini? Mnataka akae atuhesabie kuku?"

Basi wakagawana kazi. Kulikuwa na msichana wa kuogopa watu ambaye wiki ya pili alitakiwa kuanza kuimba. Kulikuwa na pacha wawili wa kugombana na kupatanishwa. Profesa alikuwa hajui kusoma. Halafu kulikuwa na Nuna, mvulana wa rika lake, ambaye kazi yake ilikuwa ngumu kuliko zote: hakutakiwa kucheka, kusema wala kufaulu jambo lolote mgeni akiwepo, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nuna alikuwa mtoto wa akiba. Mama Mlezi alishikilia kwamba mgeni akiokoa watoto wote huridhika akasahau, lakini akiacha mmoja nyuma, huyo mmoja atamnyima usingizi huko kwao mpaka aandike barua, na pengine arudi. Wageni wakishaondoka Nuna alikuwa mcheshi wa kituo kizima. Kusoma alifundishwa na Profesa, stoo, juu ya magunia ya mchele, na wote wawili walikuwa wanamaliza kitabu cha sayansi kilichokosa jalada.

Mgeni wa safari hii watoto walimpa jina la Dada Kadi. Alikuwa msichana aliyemaliza chuo na hajapata ajira, akaamua kwamba kabla dunia haijamsaidia yeye, aisaidie yeye kwanza. Kwao walimfanyia sherehe ya kumuaga utadhani anakwenda vitani. Alikuja na sanduku zima la kadi za picha alizozikata mwenyewe na kuzitia plastiki, pembe zote zikiwa za mviringo ili zisimchome mtoto. Kila kadi ilikuwa na herufi na mnyama wake, na alizishika kwa heshima, kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ya kwanza alimpa Profesa kitabu ili aone ameanzia wapi. Profesa akakishika juu chini. Huo ulikuwa utundu wake wa siku zote, na kusema kweli alijivunia. Dada Kadi alimrekodi kwa simu, kisha akakigeuza kile kitabu taratibu bila kumcheka.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana Dada Kadi hakuwa kama wale wengine. Hakujipiga picha na watoto wachafu. Alifua nao, alikula walichokula, na kila Jumamosi alimsuka Profesa nywele huku akimsimulia mama yake anavyokoroma. Usiku alitengeneza kadi nyingine kwa ajili ya herufi zilizomshinda Profesa. Na zilimshinda nyingi, kwa sababu alikuwa fundi wa kushindwa. Siku moja alimwona yule dada anapiga miayo darasani, kidole kimefungwa kitambaa alipojikata na mkasi, akaona haya. Alimpenda. Alitamani kumwambia, "Dada, lala tu, hizi herufi nilishazijua kabla wewe hujavunja ungo." Akanyamaza, maana paa la bweni la wasichana lilivuja mahali pengi kuliko palipobaki pazima, na jumuiya iliyomtuma Dada Kadi ilikuwa imeahidi mabati mapya pindi itakapoona video ya mtoto aliyesoma.

Sasa, katikati ya hayo, ikaja habari nyingine. Mwalimu Mkuu wa shule ya bweni iliyokuwa upande wa pili wa mji, ile yenye maabara na maktaba, alituma ujumbe kwamba atakuja kuchagua mtoto mmoja wa kusoma bure hadi amalize. Pale kituoni masomo yaliishia madarasa ya chini. Aliyeyamaliza aligeuka dada wa jikoni, akabaki kuosha vyombo na watoto mpaka apate pa kwenda, na Profesa alikuwa ameshayamaliza. Aliposikia neno maabara, aliacha chakula akaenda stoo kukifungua tena kile kitabu cha sayansi.

"Nafasi hiyo ni yako," Mama Mlezi alimwambia stoo, mlango umefungwa. "Nani mwingine? Sikiliza. Siku hiyo asubuhi ni sherehe ya kumuaga Dada Kadi, utasoma vile unavyowasomeaga. Paka, mkia, tumalize. Mchana Mwalimu Mkuu atakuja ofisini, hapo umsomee vile unavyosoma humu. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Mama."

Mpango ulikuwa safi, ila Mwalimu Mkuu hakupewa nakala yake. Alikuwa na msiba wa kuhudhuria mchana, kwa hiyo akaja asubuhi. Alikuwa mama mnene wa miwani, mwenye sauti ya chini isiyohitaji kurudia jambo. Alivuta kiti akakaa mstari wa mbele kabisa, pembeni ya Mama Mlezi, ambaye uso ulimshuka papo hapo. Dada Kadi alikuwa amesimama upande, simu juu, anarekodi kwa ajili ya jumuiya.

Profesa alisimama mbele ya watu na karatasi yake. Akimsoma paka kwa kugugumia, mabati yatakuja na maabara itaondoka na gari la Mwalimu Mkuu. Akisoma inavyotakiwa, Dada Kadi atajua kwamba wiki zote zile alikuwa akichezewa shere, na huenda mabati yakafuata yale madawati. Alimtazama Mama Mlezi. Mama Mlezi aliangalia dari.

Akapiga moyo konde. Alimsoma paka na mkia wake kwa pumzi moja, akaweka karatasi chini, akaenda kwa Mwalimu Mkuu, akaomba kwa adabu lile gazeti lililokuwa mapajani mwake. Alisoma habari ya ukurasa wa kwanza yote, iliyohusu mgogoro wa maji taka, hakuruka hata nukta. Alisoma vizuri, na alijua anasoma vizuri, na kwa mara ya kwanza mbele ya wageni alifurahi.

Halafu Dada Kadi akaanza kulia.

"Wiki tatu," alisema. "Mungu wangu, wiki tatu tu."

Profesa aligeuka. Alitegemea hasira. Alikuta uso unaong'aa kwa furaha.

"Ulimkuta yuko wapi?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Hakujua hata herufi moja, mama. Ninayo video." Dada Kadi akafungua simu yake, akamwonyesha. Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Pale kwenye kioo, Profesa wa siku ya kwanza alikuwa ameshika kitabu juu chini, midomo wazi, anakodoa macho. Hata mwenye wivu angekubali kwamba lilikuwa igizo la kutia fora.

"Nilikuwa naigiza," Profesa alisema.

Watu wakacheka kwa upendo.

"Kweli tena. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha, zamani. Muulizeni Mama."

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Mlezi, na simu ya Dada Kadi, iliyokuwa imerudi kurekodi, ikamgeukia pia. Mama Mlezi alifungua mdomo. Profesa aliuona ukweli ukifika hadi kwenye meno. Kisha yule mama akatazama ile simu, akameza, akatabasamu tabasamu la wageni.

"Watoto nao wana maneno," alisema. "Hataki sifa, huyu. Ndivyo alivyo."

Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akawaita watoto wakubwa mmoja mmoja, akawapa lile gazeti. Huyu alisoma kidogo, yule alisoma nusu. Zamu ya Nuna ilipofika, Nuna alifanya kazi yake. Mgeni yupo, akanuna. Alilitazama gazeti kama mtu aliyeshikishwa samaki aliyeoza, na hakutoa sauti. Mwalimu Mkuu alisubiri, akamsemesha, akamwinua kidevu, wapi. Dada Kadi akainamisha kichwa.

"Huyo sikumfikia," alisema kwa masikitiko. "Muda wangu wote uliishia kwa yule."

"Basi nimempata," Mwalimu Mkuu alisema. "Huyu binti akili yake inakimbia, na mwalimu wake ni hodari. Yeye hanihitaji. Nafasi yangu ni ya mtoto ambaye hajapata mtu. Mwakani nitakuja tena kuchukua mwingine wa namna hii hii." Akaweka mkono begani kwa Nuna. Kisha akamgeukia Profesa. "Na wewe, mwanangu, mpaka shule zifunguliwe utamsaidia mwenzio na herufi, asije akachekwa. Utaweza?"

Nuna alifungua mdomo. Labda alitaka kusema ukweli; hatujui, maana Mama Mlezi alimkazia jicho, na miaka yote ya kunyamaza ikamkaba. Alibaki anamtazama Profesa, macho yamemjaa maji, na kila aliyemwona akasema huyu mtoto kweli amekosa mtu.

"Nitaweza," alisema Profesa.

Naye akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, mbele ya watu wote, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa na hana wa kumshika. Dada Kadi alimkimbilia akamkumbatia, akamwambia kwamba naye ana furaha kama hiyo, tena ameamua, tiketi yake ataibadilisha, atabaki mwaka mzima kwa ajili yake. Makofi yakapigwa upya. Mama Mlezi alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jioni Profesa alikuwa jikoni anasugua sufuria. Mama Mlezi aliingia, akatafuta kitu kabatini, hakukipata, labda hakikuwepo. Akavuta kigoda akakaa.

"Mabati yanakuja mwezi ujao," alisema. "Wamepiga simu. Wanasema hawajawahi kuona video kama ile."

Profesa alisugua.

"Nina watoto wadogo wanalala kwenye maji. Ningesema nini, na simu imenitazama usoni? Nambie wewe, ungekuwa mimi."

"Ningesema ndiyo," Profesa alisema. "Ningesema, ndiyo, anajua, bibi yake alimfundisha."

Mama Mlezi aliinamia mikono yake. Alikuwa mwanamke asiyelia, na hakulia, lakini alizeeka pale pale kwenye kigoda. "Nisamehe," alisema. Hakuwahi kumwambia mtoto neno hilo, na lilimtoka kwa shida. "Mwakani. Huyo mama akirudi nitamwambia mwenyewe, haki ya Mungu."

"Usimwambie kitu." Profesa aliigeuza sufuria akaanza kusugua mgongo wake. "Hachukui wanaojua. Umemsikia."

"Lakini umeshasoma gazeti zima mbele yake."

"Nitasahau."

Mama Mlezi alimtazama kama hakumsikia vizuri.

"Nina mwaka mzima," alisema Profesa. "Kesho nitaanza kupoteza herufi za mwisho, nyingine zifuate. Nitakwenda nazo taratibu, Dada asije akaumia, akadhani ni makosa yake." Aliimwagia sufuria maji, akaitazama ndani kama imetakata. "Mwalimu Mkuu akija atanikuta sijui hata a."