Sekunde Saba za Wimbo wa Barua

Jina la Sikio alipewa wiki yake ya tatu kazini, pale alipomwambia fundi mitambo kwamba kanda inakimbia. Kidogo tu, alisema, kama mtu aliyechelewa asiyetaka watu wajue kachelewa. Fundi mitambo akacheka, akapima ili amkomoe, akakuta kweli. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa mpanga nyimbo wa kituo kizima cha redio. Usidhani ni kazi ya kukaa na kustarehe. Mpanga nyimbo ndiye anayeamua wimbo upi usikike asubuhi watu wakipiga mswaki, na upi usisikike kabisa mpaka mwimbaji wake aote mvi. Wasanii walimsalimia kwa adabu ambayo wangepaswa kuwawekea wakwe zao. Naye, tusifichane, alishazoea.

Sikio lenyewe hakuzaliwa nalo. Alitengenezewa na dada yake. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka saba na dada kumi na minane, na urithi wote ulikuwa cherehani ya miguu, redio kaseti moja na kanda nne. Dada akaacha shule, akakalia kiti cha mama, akashona sare za watoto wa watu ili huyu mmoja wa kwake asiende shule na viraka. Jioni kazi ikiisha, walikuwa na mchezo wao.

Kwenye kanda mojawapo kulikuwa na wimbo mrefu wa bendi, wa mtu anayeomba asomewe tena barua aliyoandikiwa. Magitaa yanaongea dakika mbili nzima, halafu yananyamaza yote, inabaki ngoma tu inayokwaruzwa kwa mbali, mwimbaji anavuta pumzi, ndipo anaingia: "Nisomee tena." Pumzi hiyo ndiyo iliyokuwa mtego. Ni ndefu kuliko subira ya mtu. Mchezo ulikuwa kuingia pamoja na mwimbaji, si kabla wala baada, na anayekosea anaosha vyombo. Sikio aliosha vyombo karibu mwaka mzima. Siku alipoingia sawasawa, dada alitoa mguu kwenye kanyagio, akamtazama, akasema, "Haya, sasa unasikia."

Sasa dada alikuwa na chumba chake cha ushonaji, na wanawake watatu aliowafundisha kazi. Kila Ijumaa saa kumi alasiri redio yao ilipandishwa sauti, kwa sababu saa hiyo kituo cha Sikio kilipiga nyimbo za zamani. Kipindi alikianzisha Sikio mwenyewe enzi bado ana ubavu wa kuanzisha vitu. Hakumwambia mtu kwamba amekianzisha kwa ajili ya dada, lakini dada alijua, na wale wanawake watatu walijua, na mteja yeyote aliyeingia Ijumaa alasiri alielezwa kabla hajapimwa kiuno.

Ndipo kampuni ya soda ikaitaka saa hiyo. Ilikuwa na wimbo wake mpya, ulioimbwa na kijana mwenye sauti nzuri, na jina la soda lilitajwa kwenye kiitikio mara nyingi kuliko jina la mpenzi. Walitaka saa nzima ya nyimbo za aina hiyo, Ijumaa, watu wakitoka makazini na koo zimekauka.

Bosi wa vipindi aliitisha kikao. "Siwezi kukifuta kipindi kwa mdomo tu, watu watapiga kelele," alisema. "Tukipime. Wasikilizaji wakikikataa wenyewe, sisi hatumo." Kisha akageuka, meno yote nje. "Kwani jamani, yupo mtu mwenye akili zake anayesikiliza vilio vya barua siku hizi? Si atume ujumbe kwenye simu yaishe?"

Watu wakacheka. Sikio naye akacheka, tena kwa sauti kuliko ilivyohitajika. "Mimi nawawekea wazee tu," alisema. "Wasije wakajisikia wapweke." Wakacheka zaidi, bosi akampiga begani, na Sikio akajisikia vizuri kwa muda wa kutosha kufika kwenye ngazi. Kwenye ngazi akaona haya, akajiambia ni utani wa kazini.

Kupima kulikuwa na utaratibu wake. Wasikilizaji kumi na watano wanaketi chumbani, kila mmoja na fomu. Nyimbo hazipigwi nzima, nani ana muda huo? Vinapigwa vipande vya sekunde saba, sehemu ile inayomshika mtu. Kila kipande kina visanduku vinne: Naupenda, Siupendi, Nimeuchoka, Siujui. Ukipata Siujui na Siupendi nyingi, wimbo umekwisha kazi. Na anayekata vipande ni mpanga nyimbo.

Basi Jumatatu asubuhi Sikio alikaa na mashine akakata. Wimbo wa soda aliukata pale sauti inapopanda na makofi yanapoingia, mahali ambapo hata mgonjwa angetikisa kidole. Nyimbo za zamani alizikata popote pale. Alipofika kwenye wimbo wa barua mkono ulisita. Alijua pa kukata: dakika ya nne, sauti tatu zinapokutana. Badala yake akarudi nyuma, akachukua ngoma inayokwaruzwa, akachukua pumzi, na mwimbaji alipotaka kufungua mdomo, akakata. Sekunde saba za mtu ambaye hajasema kitu. Nani angependa kitu kama hicho? Nani angejua hata ni wimbo gani?

Na hapa lazima isemwe: hakuna aliyemwambia afanye vile. Bosi hakujua kama ile pumzi ipo duniani. Ilihitaji mtu aliyeupenda wimbo huo tangu utotoni ndipo ajue mahali pa kuunyongea.

Jumanne wasikilizaji walikuja kumi na wanne. Mmoja alipiga simu kusema mtoto ana homa. Bosi alikuwa amesimama mlangoni na mgeni wake, bwana wa masoko wa ile kampuni ya soda, na hakutaka mgeni aone kiti kitupu. Msichana wa mapokezi akajitia kimbelembele. "Yupo mama mmoja hapo korido anafunga mapazia ya studio. Nimwite?"

"Mwite upesi," alisema bosi.

Mama wa mapazia akaingia na futi yake shingoni na pini tatu kwenye kola. Alikuwa dada. Mapazia mazito ya kuzuia mwangwi alikuwa ameagizwa na ofisi mwezi uliopita, kwa maneno ya Sikio mwenyewe aliyemsifia mbele ya kila mtu kwamba hakuna fundi kama yeye.

Alimwona mdogo wake nyuma ya mashine, uso ukamchangamka. "Kumbe ni wewe! Ningejua ningevaa vizuri." Wenzake Sikio wakacheka. Sikio alitaka kusema kwamba ndugu hawaruhusiwi, na kweli hawaruhusiwi, lakini bosi alikuwa akitazama saa na mgeni akitazama bosi. Akampa fomu.

Vipande vikaanza. Dada aliuchukulia mtihani ule kwa makini, akinyanyua kidevu kila kipande kikianza. Wimbo wa soda ulipokuja mguu wake ukaanza kukanyaga sakafu kama uko kwenye kanyagio. "Haka kazuri," alimnong'oneza jirani yake, na kunong'ona kwake chumba kizima kilisikia. "Kanachezeka, bwana." Mgeni wa soda akatabasamu. Sikio akainamisha kichwa. Alikuwa amekula njama na nafsi yake kuuokoa wimbo huo, kumbe wala haukuhitaji msaada wa mtu.

Kisha ikaja ngoma inayokwaruzwa. Ikaja pumzi. Kimya.

"Ndiyo nini sasa?" aliuliza kijana wa mbele. "Mashine imekufa?" Watu wakatazamana, kalamu zikaelekea kwenye Siujui.

Dada akanyoosha mkono. "Samahani jamani. Huu mmeukata kabla hajaingia."

"Nani hajaingia, mama?" aliuliza bosi.

"Mwimbaji. Hapo anavuta pumzi, halafu ndiyo anaingia. Hapo hamjawapa watu kitu bado." Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anawasaidia, kama ambavyo angemwambia mteja kwamba amevaa blauzi nyuma mbele. "Aliyekata hajui nyimbo, msimgombeze, vijana wengi hawajui. Lakini si huyo mdogo wangu mnaye hapo? Huu anaujua nje ndani, ameuoshea vyombo mwaka mzima. Mwambieni awaonyeshe unapoingia."

Macho yote yakamgeukia Sikio. Bosi alinyanyua nyusi. Bwana wa soda, mtu mstaarabu kwa kweli, akasema, "Hebu tusikie basi." Sekunde moja tu, kubonyeza kitufe, wimbo ungeendelea, na mwimbaji angeingia, na watu wangesikia. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini akaona pia kwamba wangeuliza nani alikata, na wangejua, na kicheko cha kwenye kikao kingerudi nyumbani kwa mwenyewe.

"Siukumbuki, dada," alisema. "Labda umeufananisha."

Dada akaendelea kutabasamu kidogo, jinsi mtu anavyobaki ameshika bilauri aliyomnyooshea mgeni ambaye hakuipokea. Akamtazama. Akatazama mashine, na vifungo vyake, na mkono wa mdogo wake juu yake. Aliyemlea ni yeye, hakuhitaji kuchorewa. Tabasamu likaondoka taratibu, akainamia fomu yake.

"Labda," alisema. "Uzee huu. Tuendelee, msichelewe kwa ajili yangu."

Wakaendelea. Masikio ya Sikio, yale yaliyompa jina, yalikuwa yanawaka moto, na hakusikia kipande hata kimoja kati ya vilivyobaki. Ilipokwisha, dada alisalimia kila mtu, akarudi koridoni kwenye mapazia yake.

Fomu zilikusanywa. Bosi alipitia juu juu, akaridhika, akamwachia Sikio azihesabu. Ya dada aliijua kwa mwandiko, maana alama zake zilikuwa ndogo na zilizonyooka kama mshono. Wimbo wa soda: Naupenda. Mwingine: Nimeuchoka, na pembeni ameandika "kwa kweli". Akashuka kwa kidole hadi kwenye wimbo wa barua. Alitarajia Naupenda. Alitamani Naupenda, hata kwa kumsuta, hata ametoboa karatasi kwa kalamu.

Alama ilikuwa kwenye Siujui.

Alikaa na karatasi hiyo mpaka chumba kikawa kitupu. Dada hakuwahi kusema uongo, hata kwa wateja waliomsihi awaambie wamepungua. Alikuwa amesema huu mmoja, kwa maandishi, ili uongo wa mdogo wake usibaki peke yake mezani. Sikio alilia, na aliona aibu hata ya kulia, kwa sababu kwenye korido alisikia ngazi ya kufungia mapazia ikisogezwa.

Angeweza bado kwenda kwa bosi. Aliwaza hivyo Jumatano, akawaza tena Alhamisi, akapata sababu nzuri siku zote mbili. Ijumaa saa kumi alasiri soda iliingia hewani, na Sikio akatoka kazini akaenda kwa dada.

Redio ilikuwa imezimwa. Wale wanawake watatu waliitikia salamu bila kuinua vichwa, mmoja akakumbuka ana vifungo vya kununua, wengine wakakumbuka wamsindikize. Dada alikuwa anashona sare.

"Umekula?" aliuliza.

"Dada, ni mimi niliyekata."

"Najua. Nimekuuliza umekula?"

"Sijala." Alibaki amesimama, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Nilikukana mbele za watu. Kipindi chako wamekitoa, na ni mimi. Nimeona haya wiki nzima, sikujua nije na uso gani."

Dada alishona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno. "Kipindi sijali sana," alisema. "Kanda ninayo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ule wimbo ulikuwa unaupenda, au miaka yote hiyo ulikuwa unanifurahisha mimi?"

"Naupenda, dada. Haki ya Mungu. Hakuna ninaoupenda kuliko huo."

Dada akamtazama kwa muda, ili aone kama hilo nalo ni la redioni. Kisha akaweka kitambaa kingine chini ya sindano, akaanza kukanyaga, taratibu, na kwa mdomo uliofungwa akaanza magitaa. Aliyaimba yote, hakuruka hata moja, yale yanayoulizana na yale yanayojibizana. Sikio alisimama karibu na meza ya kukatia, mikono imening'inia. Magitaa yakanyamaza. Ikabaki cherehani inakwaruza peke yake. Dada akavuta pumzi, ndefu, kama ilivyo, akamwachia nafasi.

Sikio alijua mahali. Alipajua kuliko jina lake. Akafungua mdomo, aibu ikamtangulia, na mahali pale pakapita.

Dada akasubiri kidogo zaidi, zaidi ya mwimbaji mwenyewe.

"Vyombo viko nyuma," alisema, na akaingia peke yake.