Kijiti Kilichozoea Kulishwa

Mama Pacha alikuwa akiitia tumbaku mbolea kwa kizibo cha soda, pembeni mwa kila shina ili isiliunguze. Kizibo kilitakiwa kijae. Yeye alikijaza nusu. Alipofika katikati ya shamba, penye kijiti cha kampuni cha kupimia udongo, alikimwagia kiganja kizima. Wanawake wote wa pale walifanya hivyo. Kijiti kikishiba, kinamtumia bwana shamba wa kampuni taarifa kwenye simu kwamba shamba zima limeshiba, na mbolea iliyobanwa inakwenda kwenye mahindi nyuma ya jiko. Kampuni ilitoa mbolea ya tumbaku tu. Ya chakula, kila mtu ajitafutie. Atakayebainika, msimu ujao hapewi hata punje.

Jioni moja alipogeuka kurudi nyumbani, kijiti kilijing'oa, kikajikung'uta udongo, kikamfuata kwa hatua fupi fupi, kitaa chake cha kijani kikiwakawaka. Kilipofika kwenye mahindi kikajichomeka na kutulia.

"Umekidekeza," alisema mama mkwe, akiendelea kusugua sufuria. "Sasa kitafutie na shuka."

Mama Pacha alikirudisha shambani. Kesho yake kikaja tena, safari hii mbio. Mapacha, waliokuwa bado wanatambaa, walikitazama kwa wivu kidogo.

Huko hakikumwagiwa kiganja kizima, na kwenye simu ya bwana shamba ikaingia taarifa kwamba tumbaku ya Mama Pacha ina njaa. Akaja na pikipiki yake, akazunguka jiko, akakikuta kijiti kimesimama katikati ya mahindi. Kilisogea kumpisha. Alishukuru.

"Mama Pacha, mahindi hayamo kwenye mkataba."

"Wanangu nao hawamo, bwana shamba, na wanakula."

Bwana shamba alijikuna kidevu. Alisema kutembea kwa kijiti hana ugomvi nako, amekuona kwa macho yake. Mbolea ya mahindi ndiyo asiyoweza kuileta. Amri ya kumfuta mtu kwenye mkataba nayo ilikuwa mfukoni mwake, lakini kufikia wiki hiyo vijiti vya kijiji kizima vilikuwa vimehamia majikoni, na akiwafuta wote, tumbaku atailima nani?

Kampuni ikaleta minyororo. Kila kijiti kilifungwa mguu shambani kwake, na kufuli ndogo juu. Mbolea ya chakula haikuletwa, wala haikutajwa.

Mama Pacha bado anakimwagia chake kiganja kizima. Vijiti vyote vimepinda kuelekea majikoni, minyororo imekaza. Majirani husimama kandokando ya shamba na kusifia vyao: hiki kiliruka mtaro, kile kilifika hadi mlangoni kikabisha hodi. Mama Pacha huwaacha wamalize. Kisha humpandisha pacha mmoja mgongoni, akakaza kanga, na kusema taratibu, akikitazama kijiti chake:

"Huyu wangu alitembea kabla ya wenzake wote."