Nusu Saa ya Mama Pacha

Mwenye benki alijulikana mjini kwa jina la Masikio, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka ishirini na moja aliajiriwa na benki kubwa, akihudumia matajiri wachache kwenye chumba chenye zulia zito. Huko ndiko alikogundua kwamba tajiri ana watu wengi wa kumwomba, lakini hana hata mmoja wa kumsikiliza. Basi yeye akawa anasikiliza. Alisikiliza habari za magoti, za wakwe wakorofi, za watoto walio ughaibuni wasiokumbuka kupiga simu. Siku alipoacha kazi ili afungue benki yake mwenyewe, matajiri kumi na wawili walifungasha fedha zao wakamfuata.

Benki yenyewe aliifungua chini, kwenye nyumba ya ghorofa aliyoirithi mkewe. Mkewe huyo, Mama Pacha, alikuwa fundi wa mapazia mwenye jina lake na wateja wake. Aliuza cherehani zake tano, akatoa na nyumba, na nusu ya hisa zikaandikwa kwa jina lake. Chumba chake cha kushonea kule juu kikawa stoo ya mafaili, kwa muda tu. Hilo la "kwa muda tu" lilikuwa neno la mumewe, na muda wenyewe sasa ulikuwa umefikisha miaka tisa.

Masikio aliendesha benki kwa kanuni mbili. Ya kwanza ilikuwa nusu saa. Kila mteja aliyeketi mbele yake, awe mwenye kiwanda au mjane mwenye kiduka, alipewa nusu saa ya kuzungumza bila kukatizwa, simu imezimwa. Mambo ya maana yaliandikwa kwenye kadi ya mteja: mjukuu kaanza shule, mke hapendi maua ya plastiki. Mteja akirudi baada ya miezi sita na kuulizwa habari za mjukuu yule, kwisha kazi, hahami benki hiyo mpaka anazikwa.

Kanuni ya pili ilikuwa neno moja. "Mteja haambiwi hapana," aliwafundisha makarani wake. "Anaambiwa tutaona. Tutaona ni hapana iliyovaa tai." Aliupenda sana msemo wake huo. Aliurudia hata mezani nyumbani, mdomo umejaa chakula, na mkewe akacheka kwa adabu, akauweka moyoni.

Jumatano moja asubuhi karani wa mapokezi, binti wa mdogo wake Mama Pacha, alimletea orodha ya miadi. Mteja wa saa nne aliandikwa hivi: "Mmiliki wa nyumba, anataka kutoa." Masikio akakaa sawa. Mwenye nyumba, tena anayetaka kutoa, si mtu wa kuchezea. Akafunga vifungo vya koti, akaagiza chai, akasimama mlangoni na lile tabasamu lake la wateja wakubwa.

Aliyeingia alikuwa mke wake.

Alikuwa amevaa gauni la kutokea, mkoba kwapani, miwani puani. Akaketi kwenye kiti cha mteja, kiti alichokivalisha kitambaa kwa mikono yake lakini hajapata kukikalia. Masikio akacheka, akamwambia kama ni hela ya gesi si angesema tu asubuhi, na sasa ampishe kidogo kwani kuna mteja mzito anakuja. Mama Pacha akamjibu kwamba mteja mzito ndiye huyu, na kwamba saa nne imepita kwa dakika mbili, hizo asizikate kwenye nusu saa yake.

"Unataka kutoa nini?" mumewe akauliza, tabasamu likianza kumponyoka.

"Hisa zangu. Nusu yangu yote, na nyumba yangu."

Masikio hakuhitaji kikokotoo. Nusu ile ikitoka, na nyumba juu yake, benki inafunga milango kabla ya mwezi kwisha, na yeye na mvi zake anarudi kuomba kazi kule kwenye zulia zito. Akafungua kinywa apate la kusema, na kwa mazoea tu likamtoka lile lile.

"Tutaona."

Heri angenyamaza. Mama Pacha akafungua mkoba, akatoa kidaftari, akamwarifu kuwa hiyo ni tutaona ya arobaini na moja tangu aanze kuziandika. Akamsomea baadhi. Kurudishiwa chumba cha kushonea, tutaona mara kumi na sita. Kwenda kuwaona pacha chuoni, tutaona mara tisa. Jino linalomuuma tangu mwaka jana, tutaona mara tano, na mara moja "mm."

"Makarani wako uliwafundisha maana yake hapa," akasema. "Mimi ulinifundisha mezani kwangu, Baba Pacha. Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa najua unaniambia nini."

Masikio alikuwa na hoja tatu za kujitetea, zote ziko tayari ulimini. Lakini karani alikuwa amesimama pale mlangoni na sinia la chai, na kanuni ilikuwa ya kwake mwenyewe: mteja hakatizwi. Akazimeza zote tatu. Akavuta droo, akatoa kadi mpya, akaandika juu "Mama Pacha." Kisha, ili aonyeshe kwamba huyu anamjua kuliko wateja wote, akataka kuijaza bila kumuuliza. Jino: la juu au la chini? Shoga yake wa karibu siku hizi: nani? Kinachomnyima usingizi? Kalamu ikagoma. Paka wa mwenye kiwanda alimjua mpaka jina. Aibu ikamshika, aibu ya kweli, mtu mzima akabaki anatazama viatu vyake.

"Niambie," akasema. "Nakusikiliza."

Mama Pacha alianza kwa ukali, maana maneno aliyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Ya mazoezi yalipokwisha yakaja yasiyopangwa, na mwenyewe akashangaa wingi wake. Alisimulia anavyoukumbuka mlio wa mkasi ukipita kwenye kitambaa kipya. Alisimulia anavyofungua mlango wa kile chumba kwa kujisahau, akakutana na maboksi. Akalia kidogo, halafu akacheka peke yake. Masikio akaandika mpaka kadi ikajaa pande zote mbili, akachukua ya pili. Nusu saa ikapita. Nje, mwenye kiwanda akaanza kukohoa kwa makusudi, na karani akatumwa akamwombe radhi, arudi kesho.

Mwishowe Mama Pacha akavua miwani, akaifuta. Alionekana amechoka, lakini mwepesi. Mumewe akamuuliza kwa sauti ndogo kama bado anataka kutoa.

"Sitoi," akasema. "Naweka amana ya miezi mitatu. Ikiiva nakuja kuangalia faida. Nisipoiona, nahamisha."

Masikio akayaandika masharti kama yalivyosemwa, akatia saini, akamsindikiza mteja wake mpaka barabarani. Aliporudi, karani alimuuliza kadi hizo mbili aziweke kabati gani. Akamwambia hizo haziendi kabatini, akazitia mfukoni mwa shati, akamwomba namba ya daktari wa meno.