Nilimgonga Mara Tatu

Hapa Manaus, Brazil, wananiita bingwa hadi leo. Nikienda sokoni kununua samaki, muuzaji huniongezea kipande na kusema, "Cha bingwa hicho, bwana Genivaldo!" Nakipokea, nacheka, na nikifika nyumbani hakishuki kooni.

Nimechoka kuficha. Miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye fainali ya ngumi na mieleka, ndani ya ulingo wa wavu, Edinelson alinipiga kabali kwa nyuma, mkono shingoni. Mimi na yeye tulilelewa kwenye mkeka mmoja, na mwalimu wetu alikuwa na sheria moja: mwenzako akikugonga kwa kiganja, amekubali kushindwa, mwachie hapo hapo. Usimsubiri refa. Shingo ya mwenzako ni amana.

Pumzi ilikata. Nilimgonga mkononi mara tatu, na Edinelson akaachia.

Lakini mkono wangu ulikuwa umebanwa kati yetu na wavu, refa hakuona kitu. "Endeleeni!" akapiga kelele. Edinelson alikuwa ameshasimama, ameninyooshea mkono aniinue. Nikainuka mwenyewe, nikampiga ngumi ya taya. Akaanguka kama gunia la muhogo.

Alipozinduka, watu wake walikuwa wanawaka. "Sema, kaka! Sema aligonga!" Angesema, ningekana, nilikuwa nimeshaupanga uongo wangu. Hakusema. Alinijia akipepesuka, akaninyanyua mkono juu mbele ya umati, akaninong'oneza, "Hongera, ndugu yangu." Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo, na hilo ndilo lililoniua. Angenitemea mate, ningekuwa nalala vizuri.

Mshindi alikuwa aende kupigana Japani. Nikaenda, nikapigwa, nikarudi nikafungua ukumbi wa mazoezi. Edinelson alirudi kutengeneza majokofu. Mwaka jana figo zikamwondoa. Siku ya maziko nilisimama ng'ambo ya barabara, nikashindwa kuvuka.

Tangu hapo ndiyo balaa. Ukumbini kwangu watu hugongana kutwa, na kila mara mkono wangu hushtuka. Siku nyingine nasikia mtu akigonga mara tatu, nageuka, mkeka mtupu, nje mvua tu.

Ni katika mvua hiyo hiyo aliingia binti mmoja, mrefu, mabega ya baba yake.

"Shikamoo mwalimu. Naitwa Taynara. Mimi mtoto wa Edinelson."

Nilishika ukuta.

"Baba alisema nikitaka kujifunza, nije kwako. Eti hakuna anayeijua kabali yake kuliko wewe."

"Alisema hivyo? Akicheka?"

"Hapana. Alisema tu."

Nikampokea, ningemfukuza kwa lipi? Wiki ya tatu akaomba apambane na mimi. Vijana wakashangilia. "Mwalimu, leo unazeeka rasmi!" "Mwacheni, mzee ana jina la kulinda!"

Hakukawia. Alipita nyuma yangu, mkono ukanizunguka shingo, na niliujua. Uzito ule ule, kiwiko pale pale. Nikamgonga mara tatu.

Hakuachia.

Nikagonga tena.

"Samahani, mwalimu," akasema sikioni mwangu, kwa adabu kabisa. "Baba alinifundisha nisiachie kwa kugongwa. Mpaka mtu aseme kwa mdomo." Akalegeza kidogo, kiasi cha sauti kupita.

Edinelson, aliyeniachia bila kuulizwa, ndiye aliyemfundisha mwanawe hivyo. Mimi ndiye niliyeivunja sheria ya mwalimu wetu. Machozi yakanitoka.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Sawa, mwalimu." Mkono ukaanza kutoka.

Ningeweza kuishia hapo. Hakuna aliyeniuliza zaidi.

"Baba yako alinishinda," nikasema, kwa sauti, wote wasikie. "Fainali ile. Nilimgonga mara tatu, akaniachia, nikampiga. Ubingwa ule ni wake."

Nilibaki nimepiga magoti, nimefumba macho, nikingoja ngumi. Niliitamani, Mungu ananiona.

"Kumbe ndiyo sababu ya kutoachia," Taynara alisema taratibu. "Nilimuuliza sana, hakuwahi kuniambia."

Nikafumbua macho. Alikuwa analia, midomo imemkaza kwa hasira. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu, ameninyooshea mkono aniinue.

Safari hii niliushika.