Futari Iko Futi Elfu Saba Chini

Ramadhani ya mwaka sitini na nane, Bi Sihaba wa Bagamoyo na wifi yake Zuleha walikuwa wanarudi kutoka kuzika Tanga, na mtoto wa marehemu akawakatia tiketi za ndege mpaka Dar es Salaam. Tangu asubuhi Zuleha alikuwa anakula kweupe, sambusa mkono huu, chungwa mkono ule. Maili mia na ishirini, alisema, ni safari halali, na msafiri karuhusiwa kula. Bi Sihaba akamjibu kuwa dakika hamsini si safari, ni kwenda kuomba moto kwa jirani. Basi la Bagamoyo kwenda Dar humvunja mtu mbavu nusu siku, na mbona humo mtu hali mchana? Yeye tangu akome hedhi, miaka kumi na minane, hajapoteza funga hata moja. Hakuwa tayari kupoteza ya leo.

Ndege ikachelewa. Jua likachwa wao wamekaa ndani, uwanjani pale pale. Waliofunga wakatoa tende, na wengine wakiwa bado kwenye dua, Bi Sihaba akatia yake mdomoni. Lakini ana meno mawili, nayo hayaonani, kwa hiyo tende kwake ni kazi ya kumumunya. Kabla hajameza, ndege ikaruka, ikapanda, na dirishani kwake, upande wa bara, jua likachomoza upya.

"Wifi," akasema Zuleha kwa utamu, "mchana huo."

Bi Sihaba akaisukumia tende shavuni. Kuitema israfu, kuimeza msiba. Wengine wanane waliofunga nao wakakaa na tende mikononi, wanabishana kama jua la juu ndilo lile la chini. Akawaacha, akajikokota mpaka kwa rubani, kijana aitwaye Abdala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbali?"

Abdala akamwambia Dar imebaki dakika arobaini.

"Sikuulizi Dar. Nauliza futari."

Kijana akatazama saa zote za ndege mbele yake. "Futari iko chini yetu, mama. Futi elfu saba."

"Basi si mbali. Tupeleke."

Kumbe naye amefunga. Akaishusha ndege mpaka wakaiona minazi ya Pangani, jua likazama, wanane wakameza na kushukuru. Abdala akala tende zake tatu, akapandisha tena. Nalo jua, lisilo na haya, likarudi.

Wenzake wote wamemaliza. Ya Bi Sihaba, aliyekwisha kurudi kitini, ingali njiani. Zuleha akamgonga paja, akamwonyesha dirisha kwa kidevu tu.

Bi Sihaba akalitazama jua, akamtazama wifi yake. Kisha akanyoosha mkono, akalivuta pazia la dirisha mpaka mwisho.

"Kwangu kumekuchwa," akasema, akameza. Kokwa akaiweka kiganjani mwa Zuleha, amshikie.