Ukurasa wa Ishirini na Saba

Chumba changu cha ushonaji kiko mbele, kinatazama barabara. Cha nyuma nimempa mjukuu wangu wa kike na wenzake wawili, wanaotengeneza programu za kompyuta. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba, na cherehani ikinyamaza tu, nasikia yote.

Hao wenzake nimewabatiza mwenyewe. Mmoja ni Mrefu, kwa sababu huinama mlangoni. Mwingine ni Kofia, maana utosi wake sijawahi kuuona. Mteja wao, mwenye ghala la samani aliyetaka programu ya kuhesabia mali yake, nikamwita Bwana Umenipata, kwa kuwa kila sentensi yake huishia hapo.

Huyo bwana hakuwahi kukaa. Alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, funguo za gari mkononi, akatupa maneno. Jumatatu alimwambia Mrefu, "Viti vya meza vihesabiwe kwa seti, sita sita, umenipata?" Jumatano akamkuta Kofia peke yake: "Kila kiti kihesabiwe chenyewe, umenipata?" Wakampata wote wawili. Mrefu akatengeneza sita sita, Kofia kimoja kimoja, na siku ya kuonyesha kazi ghala likawa na viti vingi kuliko watu wa mji mzima.

"Mimi sikusema hivyo!" akang'aka.

Mara ya pili, yale yale. Akasema ya tatu ndiyo ya mwisho; ikiharibika, kazi anawapa wengine. Na hawa watatu hawakuwa na mteja mwingine. Mjukuu wangu akaanza kuniuliza kama namjua mtu wa kupanga chumba cha nyuma.

"Safari hii naandika kila kitu, bibi," akasema. "Tuone atakanaje."

Akaandika waraka kwa siku nne. Kurasa arobaini na moja, unene wake sawa na pedi ya bega la koti.

"Na huu atausoma nani?" nikamuuliza.

"Wote. Tena yeye atatia saini kila ukurasa."

"Saini ni mkono, mwanangu. Mimi nimeuliza macho."

Akacheka. "Bibi, haya si mambo ya cherehani."

Haya. Mimi niliishia darasa la saba, lakini miaka arobaini sijashona nguo kwa maneno matupu, wala kwa daftari peke yake. Naandika kipimo, kisha namsomea mteja, tepu ikiwa bado iko kiunoni. "Kiuno thelathini na nane." Naye hujibu, "Thelathini na nane." Akisita, tunapima upya. Tepu haitoki mwilini kabla hatujasomeana. Wapo wanaovuta tumbo ndani. Hao nawasomea polepole mpaka pumzi iwaishie.

Basi mjukuu wangu alipotoka kwenda kununua karatasi za kuchapia, akaacha kompyuta wazi. Alishanifundisha kuandika tangazo la duka. Nikavaa miwani, nikatafuta ukurasa wa ishirini na saba, katikati kabisa, pale usingizi unapomkamata msomaji. Kwa kidole kimoja, dakika kumi na mbili, nikaandika: "Kabla programu haijafunguka, imuulize mtumiaji: Umemwamkia bibi yako leo?" Nikarudi kwenye upindo wa sketi yangu.

Nilidhani kesho yake mtu atacheka, nami niseme langu, yaishe. Hakucheka mtu. Bwana Umenipata alitia saini kurasa zote akiwa wima mbele ya meza yangu ya kukatia, simu sikioni. Nilimshikia karatasi mimi mwenyewe zisiteleze. Wiki tatu zikapita. Mara mbili nilitaka kukiri. Mara mbili mdomo ulikuwa na pini.

Siku ikafika. Mrefu akawasha kompyuta. Skrini ikawa nyeupe, kisha maneno makubwa yakatokea: UMEMWAMKIA BIBI YAKO LEO? Chini yake vitufe viwili: Ndiyo. Bado.

Mjukuu wangu akawa kama aliyemeza sindano.

"Hiki nini?" akauliza Bwana Umenipata. "Mimi hili nimelisema wapi?"

Mjukuu wangu akafungua waraka. Ukurasa wa ishirini na saba. Mstari ule pale, na chini yake saini ya bwana, yenye mkia kama wa paka.

"Nilitia saini," akasema taratibu. "Sikusoma."

"Na mimi hili sikuliandika," mjukuu wangu akasema.

"Mimi nililisoma," akasema Kofia, "nikalitengeneza."

"Bila kuuliza?" mjukuu wangu akamgeukia.

"Dada, imeandikwa! Nikasema wateja wana mambo yao."

Hapo nikatoa pini mdomoni. "Ni mimi."

Sijawahi kutazamwa vile, hata siku nilipochoma suruali ya bwana harusi kwa pasi. Nikawaambia, "Kwanza mlisema bila kuandika. Halafu mkaandika bila kusomeana. Sasa kaeni."

Nikavuta kigoda. Bwana Umenipata akakaa, na funguo akaziweka mezani. Mjukuu wangu akasoma mstari kwa mstari, naye akaitikia. Ukurasa wa kumi na mbili akaruka: "Hapana! Viti kwa seti ni pale vinapouzwa. Vikiwa ghalani ni kimoja kimoja." Mrefu na Kofia wakatazamana. Kumbe wote wawili walimpata, nusu nusu. Walipofika ukurasa wa mwisho mimi nilikuwa nimemaliza sketi mbili, na bwana akawapa wiki mbili za kurekebisha. Kuhusu kuwapa wengine kazi hakusema neno tena.

Kompyuta ilikuwa bado inangoja jibu. Bwana Umenipata akabonyeza Bado, kwa uungwana wake. Ikaandika: NENDA KWANZA. Hiyo haikuwa yangu, naapa; ilikuwa ya Kofia. Bwana akatoka barazani na simu, tukamsikia: "Shikamoo, bibi... Hapana, sijafiwa, nakusalimu tu."

Aliporudi, Kofia akataka kuufuta ule mstari.

"Uacheni," akasema bwana.

Mjukuu wangu akachukua kalamu, akaandika, akamsomea: "Swali la bibi libaki. Nimekupata?"

"Libaki," akaitikia.

Walipoondoka wote, mjukuu wangu akaja mbele ya cherehani, mikono kiunoni. "Bibi, kompyuta yangu usiiguse tena. Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," nikamwambia. "Niandikie."